Bati, Pointi na Miaka 9: Jinsi ya Kuusoma Ubingwa wa Nicol David

Ukipita jioni kando ya viwanja vya skwoshi pale Parklands Sports Club, au katika klabu nyingine ya Nairobi yenye mchezo huu, kuna mlio utakaousikia kabla hujamwona mchezaji hata mmoja. Sisemi ule wa mpira kugonga ukuta. Huo ni mzito na huisha upesi. Nasema mlio wa bati: mkali, wa kukereketa, kisha kimya, kisha mtu anasikika akijilaumu. Bati ni ukanda ulio chini kabisa ya ukuta wa mbele. Mpira wako ukiligonga, pointi imekwenda kwa mpinzani, na hakuna refa wa kukuokoa.

Naanzia kwenye bati kwa sababu bila hilo siwezi kumweleza mtu Nicol David ni nani. Nimejaribu mara nyingi. Nikilitaja jina lake mbele ya marafiki hapa mjini, swali la kwanza huwa lile lile: ana dhahabu ngapi za Olimpiki? Hana. Nikishajibu hivyo, naona macho yakihamia kwingine. Siwalaumu, maana sisi tumelelewa na saa. David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Faith Kipyegon ana dhahabu tatu mfululizo za mita 1,500, kuanzia Rio hadi Paris, na mtoto wa shule ya msingi anaelewa uzito wake. Skwoshi haina saa, na kwa miaka yote aliyocheza Nicol David haikuwa na Olimpiki. Ukubwa wake husomwa kwa vipimo vingine, na vipimo hivyo vilibadilishwa yeye akiwa bado kiwanjani.

Tuanze na yale yanayojulikana. Alizaliwa Penang, Malaysia, tarehe 26 Agosti 1983. Alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 1999, kisha tena 2001, msichana wa kwanza kulitwaa taji hilo mara mbili. Ubingwa wa dunia wa wakubwa aliunyakua mara nane: 2005, 2006, kisha mitano mfululizo kuanzia 2008 hadi 2012, na wa mwisho 2014. British Open, mashindano yaliyokuwa yakihesabiwa kama ubingwa wa dunia kabla ubingwa wa dunia wenyewe haujaanzishwa, aliyashinda mara tano. Ana dhahabu mbili za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi 2010 na Glasgow 2014. Alistaafu Juni 2019 akiwa na mataji 81 ya mashindano ya kulipwa. Na kuanzia Agosti 2006 hadi Agosti 2015, hakuna mwanamke mwingine aliyeitwa nambari moja duniani.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo watu wanayoipita haraka. Miaka 9 kileleni inasikika kama kiti ambacho mtu amekikalia tu. Kumbe ni deni linalolipwa upya kila mwezi.

Orodha ya wachezaji bora, kwa miaka hiyo ya David, ilikuwa hesabu ya wastani. Kila shindano lina pointi zake, kwa kadiri ya ukubwa wake na hatua uliyofikia. Pointi zako za miezi 12 hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya mashindano uliyocheza. Yeyote aliyesoma shule Kenya anaujua ukatili wa wastani: somo moja likianguka, linayavuta mengine yote chini. Tena kuna kigawanyo cha chini kabisa kilichowekwa, ili mtu asicheze mashindano mawili, akayashinda, kisha akajifungia nyumbani akiwa malkia. Halafu pointi zenyewe zina tarehe ya kuisha, kama bando la simu. Taji ulilolitwaa Septemba mwaka jana linafutika Septemba hii. Usipolichukua tena unashuka, hata kama umecheza vizuri, kwa sababu hukurudia kile ulichofanya ulipokuwa katika ubora wako wa juu kabisa. Kwa hiyo kukaa nambari moja kwa miaka 9 ni kuushinda mwaka ule ule mara tisa, mbele ya wapinzani ambao kila msimu wamekutazama kwenye video na kukusoma upya.

Kipimo hiki na kile cha ubingwa wa dunia havifanani, na ni vyema kuvitenganisha. Ubingwa wa dunia hupima wiki moja. Orodha hupima mwaka mzima. Mwaka 2007 mashindano ya dunia yalifanyika Madrid, David akatolewa mapema, na taji likaenda kwa Rachael Grinham wa Australia. Nambari moja haikumtoka. Wiki moja ilikuwa mbaya. Mwaka ulibaki wake.

Alifanyaje basi? Kiwanja cha skwoshi ni chumba. Urefu wake ni mita 9.75 na upana mita 6.4, na wapinzani wote wawili wamo ndani yake, wakipishana, wakivutiana pumzi. Sakafuni mistari inakutana na kuchora herufi T. Aliyeishika T hiyo yuko hatua chache kutoka kila kona. Asiyeishika ndiye anayekimbizwa. David aliujenga mchezo wake wote juu ya kurudi pale. Hakuwa mtu wa mwili mkubwa wala wa kupiga kwa nguvu za kutisha. Alikuwa mwepesi, na alikuwa amekwisha kuusoma mpira kabla raketi ya mwenzake haijaugusa. Mpira ambao wengine wangeuaga kwa macho, yeye aliufikia akiwa bado amesimama vizuri, akaurudisha kwenye kona ya nyuma, taratibu, ukutani kabisa, na mwenzake akalazimika kuanza kazi upya.

Tazama kinachomtokea mpinzani wa namna hiyo. Mipira mizuri yote inarudi. Basi anaanza kutafuta mipira iliyo bora zaidi, ya kuanguka mbele kabisa, chini zaidi, karibu zaidi na bati. Sentimita tatu juu ya bati, kisha mbili, kisha moja. Halafu bati linalia. Hivi ndivyo ninavyomsoma David: wapinzani wake walijimaliza wenyewe kwa sababu yeye aliwanyima njia nyingine yoyote. Nasisitiza hili kwa kuwa nimewahi kusikia watu wakisema alikuwa mkimbiaji tu. Kumlazimisha mchezaji wa kiwango cha dunia akose imani na mpira wake mzuri ni ufundi, tena wa hali ya juu.

(Wanaocheza hapa kwetu wataelewa zaidi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unadunda kwa uhai kuliko unavyodunda Mombasa, na kuumaliza mbele ni kazi ngumu. Ukitaka kujua mchezo wa kurudisha kila kitu unachosha kiasi gani, cheza saa moja hapa na mtu mwenye mapafu.)

Mchezo huo haukuzaliwa wenyewe. David alitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 1998 akiwa na miaka 15, lakini mwaka 2002 huko Busan alipoteza fainali akatoka na fedha. Mwaka uliofuata alihamia Amsterdam kufundishwa na Liz Irving, Muastralia aliyewahi kuwa nambari mbili duniani. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Sehemu hii naipita haraka, ingawa najua kila mwanaspoti wa Kenya aliyewahi kufungasha mizigo kwenda kuishi kwenye baridi kwa ajili ya kocha anaweza kuisimulia kuliko mimi.

Sasa tuje kwenye vipimo vilivyobadilika.

Cha kwanza kilikuwa hesabu ya pointi. David alipotwaa ubingwa wa 2005 na 2006, wanawake walicheza kwa utaratibu wa kale: seti ilikwenda hadi 9, na aliyeweza kupata pointi ni yule tu aliyeanzisha mpira. Ukishinda majibizano, yaani kule kupigiana mpira hadi mmoja akose, ambayo mwenzako ndiye aliyeanzisha, hukupata pointi yoyote. Ulipata haki ya kuanzisha, basi. Seti ingeweza kukwama mahali pamoja kwa dakika nyingi, haki ikienda huku na kule bila ubao kusogea. Utaratibu ule ulimpenda mwenye pumzi, na pia ulimpa aliyeachwa nyuma nafasi ya kujivuta arudi, kwa sababu anayeongoza hakuweza kumaliza bila kuwa na mpira mkononi. Mwaka 2008 mashindano ya kulipwa ya wanawake yalihamia utaratibu mpya: seti hadi 11, na kila majibizano yana pointi, awe ameanzisha nani. Mkifungana 10-10, mmoja lazima aongoze kwa pointi mbili.

Mabadiliko haya si madogo kama yanavyoonekana kwenye karatasi. Utaratibu mpya humlipa mshambuliaji papo hapo, na dakika mbili za kusinzia zinaweza kuimaliza seti. Wengi wangetegemea mtu wa pumzi ndefu aumie. David alishinda ubingwa wa dunia mwaka ule ule, kule Manchester, kisha 2009, 2010, 2011 na 2012. Mtu anayetaka ushahidi kwamba hakuwa mkimbiaji tu autafute hapo: alitawala chini ya sheria mbili zinazopenda watu wa aina mbili.

Ninapoufikia mwaka 2014 huwa natulia, kwa sababu ndani ya miezi 9 kuna habari yote.

Machi 2014 mashindano ya dunia, yaliyohesabiwa kuwa ya 2013, yalifanyika Penang. Nyumbani kwake. Fikiria Kipyegon akikimbia fainali ya dunia Kasarani, utapata picha ya jinsi watu walivyojaa na walichotarajia. Katika nusu fainali alikutana na msichana wa miaka 18 kutoka Alexandria, Nour El Sherbini, ambaye alikuwa ameutwaa ubingwa wa dunia wa vijana tangu mwaka 2009 akiwa na miaka 13. El Sherbini alimtoa. Laura Massaro wa Uingereza ndiye aliyeondoka na taji.

Desemba ya mwaka huo huo mashindano yalikwenda Cairo. Safari hii David ndiye aliyekuwa mgeni. Fainali ilikuwa dhidi ya Raneem El Welily, Mmisri, mbele ya Wamisri, na El Welily ndiye hasa mchezaji wa kumtia David mashakani: mikono laini, mipira ya ghafla, uthubutu wa kupiga karibu na bati bila kusita. Alichukua seti ya kwanza 11-5. David akajibu 11-8. El Welily akachukua ya tatu 11-7, na katika ya nne akafika 10-6. Pointi moja tu ilibaki. Alikuwa na nafasi nne za kuwa bingwa wa dunia nyumbani kwao.

David alizifuta zote nne. Alishinda seti ile 14-12, kisha ya tano 11-5. Nimeitazama seti ile ya nne mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kinachonishangaza ni kwamba David hafanyi jambo lolote jipya. Anaurudisha mpira nyuma. Anarudi kwenye T. Anaurudisha tena. El Welily, ambaye raketi yake ilikuwa ikiimba dakika tano zilizopita, sasa lazima achague kati ya kusubiri na kumaliza, na kila uchaguzi unaonekana kuwa na kosa ndani yake. Huo ulikuwa ubingwa wa nane, na ndio uliokuwa wa mwisho kwa David.

Kipimo cha pili kilibadilika mwaka uliofuata, na hapa tunarudi kwenye bati. Kwa muda mrefu bati la wanawake lilikuwa na kimo cha inchi 19, kama sentimita 48, ilhali la wanaume wa kulipwa lilikuwa inchi 17, kama sentimita 43. Januari 2015 chama cha wanawake wa kulipwa kiliungana na kile cha wanaume, na katika mwaka huo bati la wanawake likashushwa lilingane na la wanaume.

Inchi mbili ni upana wa vidole vitatu hivi. Lakini mpira wa skwoshi wa mashindano, ule wenye vitone viwili vya njano, hudunda kidogo sana. Ukipigwa chini zaidi ukutani, unaanguka karibu zaidi na ukuta na unakufa mapema zaidi. Anayeukimbilia lazima aende mbele zaidi, ainame zaidi, na nyuma yake aache kiwanja kikubwa zaidi wazi. Ule ukuta wa David, ule wa kumlazimisha mwenzake alenge chini hadi bati lilie, ulipunguzwa inchi mbili. Mipira ambayo zamani ingelia sasa ilipita. Septemba 2015 El Welily akawa nambari moja, mwanamke wa kwanza wa Misri kufika hapo.

Je, ni bati lililomwondoa David? Wapo wanaosema hivyo bila kusita. Mimi naona limechangia, lakini haliwezi kubeba lawama yote. Alikuwa na miaka 32. Miguu iliyokimbia namna ile kwa miaka 9 ina hesabu yake. Na Wamisri walikuwa wanakuja kwa vyovyote: matokeo ya Penang yalipatikana bati likiwa bado juu, na Cairo nusura. Bati lilifungua mlango ambao tayari ulikuwa ukisukumwa. Tena naunga mkono kushushwa kwake, maana hakukuwa na sababu ya maana ya kuwapa wanawake ukuta tofauti na wanaume.

Kipimo cha tatu, Olimpiki, hakikubadilika wakati wake, na hiyo ndiyo huzuni ya habari hii. Skwoshi iliomba kuingia mara kadhaa na kukataliwa. Ombi lililouma zaidi ni la Septemba 2013, mkutano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kule Buenos Aires, ambako David alikuwa sura ya mchezo wake. Kura zilipohesabiwa, mieleka ilipata 49, besiboli na softiboli 24, skwoshi 22. David alishasema hadharani kwamba angetoa mataji yake ya dunia apate dhahabu moja ya Olimpiki. Mtu asidhani maneno hayo yanapunguza thamani ya mataji hayo. Yanaonyesha alijua vizuri jinsi dunia, na Nairobi ndani yake, inavyohesabu. Oktoba 2023, mjini Mumbai, skwoshi hatimaye ilikubaliwa kwa michezo ya Los Angeles 2028. David alikuwa amestaafu miaka minne.

Kumlinganisha na wa enzi nyingine ni mtego, na ninaugusa tu. Heather McKay wa Australia alishinda British Open mara 16 mfululizo kati ya 1962 na 1977, na kwa karibu miaka 20 hakuna aliyemshinda. Rekodi hiyo haifikiki. Lakini McKay hakucheza mashindano ya kulipwa yanayozunguka dunia nzima kila mwezi.

Mlinganisho unaonigusa zaidi ni wa mahali. Skwoshi ilianzia Harrow, shule ya Uingereza, katika karne ya 19, na maafisa wa kikoloni wakaibeba kila walikokwenda: Peshawar, Cairo, Penang, Nairobi. Kila mji ulipewa viwanja vile vile, ndani ya klabu zile zile za wakubwa. Peshawar, Hashim Khan alianza kama mwokota mipira katika klabu ya maafisa, akaishia kuwa bingwa wa British Open mwaka 1951. Penang walifanya jambo jingine: walijenga viwanja pale Bukit Dumbar, na huko ndiko David alikopelekwa na wazazi akiwa mtoto mdogo pamoja na dada zake. Baba alikuwa mhandisi, mama mwalimu. Kituo hicho leo kina jina lake.

Nairobi viwanja vingi bado viko nyuma ya geti la klabu, na kuingia ni kwa uanachama au kwa kualikwa na mwanachama. Hata hivyo tumetoa wachezaji. Khaaliqa Nimji ameiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na nikiwaona wasichana wadogo wakibeba raketi ndefu kuliko mikono yao wikendi, najua jina hilo ndilo wanalolitaja. Ninachouliza ni wangapi wanaoishi kilomita mbili kutoka kiwanja na hawajawahi kuusikia hata mlio wa bati.

Rekodi ya mataji nane si ya David peke yake tena. Mwaka 2016, Kuala Lumpur, katika nchi ya David, El Sherbini alitwaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia akiwa na miaka 20. Mei 2025, Chicago, alitwaa wa nane. Yule msichana aliyemtoa David kule Penang sasa amesimama pale pale aliposimama David, lakini yeye bado anacheza, bati limeshashushwa, na Olimpiki inakuja. Mashindano ya Los Angeles yatakapoanza Julai 2028 atakuwa na miaka 32, umri ule ule aliokuwa nao David mwezi ule alipopoteza nambari moja.